Bati Lenye Tundu na Mzingo wa Dunia

Mimi nina kiherehere, na sikatai. Nikipata wazo siwezi kulikalia, lazima nimwambie mtu, na mara nyingi namwambia mtu asiyefaa. Ndivyo nilivyojikuta katika ofisi ya mkuu wa shule yetu hapa Musoma nimeahidi kuipima dunia.

Aliniita kunieleza jambo lililokuwa tayari linanong'onwa kwenye chumba cha walimu. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliochagua fizikia walikuwa saba tu, wote wasichana. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na kabati moja lenye lenzi zilizopasuka na betri zilizokwisha kuvuja. Bodi ya shule ilikuwa ikae mwishoni mwa Septemba, na mkuu alikusudia kuishauri ilifunge somo hilo. Wale saba wangehamishiwa masomo ya sanaa, nami ningebaki na hisabati peke yake.

"Madam, sio kwamba nakuchukia," alisema. "Ila fizikia yenu inakaaga kwenye vitabu tu. Nionyeshe kitu kimoja inachoweza kufanya hapa hapa, kwenye uwanja wetu huu."

Damu ilinichemka. Nilimfikiria msichana mmoja kati ya wale saba, mrefu, mkimya, mtoto wa kijiji cha Bukima aliyepanga chumba na wenzake mtaa wa Nyakato hapa mjini ili asome. Mdogo wake ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi unaomkunja mtoto kwa maumivu ya mifupa. Msichana amemuuguza wodini mara nyingi kuliko alivyokwenda sikukuu. Aliwahi kuniambia, huku akiangalia viatu vyake, kwamba anataka kuwa daktari wa utafiti, akae na damu ya watu wa kwao mpaka aielewe. Bila fizikia hakuna chuo cha udaktari kitakachompokea. Mkuu alikuwa anazungumzia ratiba ya vipindi, mimi nikawa namwona mtoto wa watu anafungiwa mlango.

"Tutaipima dunia," nikasema. "Mzingo wake, yaani ukiizunguka yote ni kilomita ngapi."

"Kwa kutumia nini?"

"Bati lenye tundu."

Alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kisha akasema sawa, jaribuni, ila yawe yamekwisha kabla bodi haijakaa. Nilitoka pale mbiombio. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyejirusha ziwani kabla ya kuuliza kina.

Wazo lenyewe ni jepesi, na hadi leo nikilieleza nasisimka. Sisi wa mkoa wa Mara tunakaa karibu sana na ikweta, upande wa kusini wake. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka jua linatupitia juu ya utosi hasa, na kitu kilichosimama wima kinakosa kivuli. Lakini halipiti juu ya miji yote siku moja. Mwishoni mwa Septemba jua linahama kuelekea kusini, linapita juu ya Musoma kwanza, kisha Butiama, kisha Bunda. Siku likiwa juu ya utosi wa Bunda, kwetu Musoma linakuwa limekwisha kupitiliza kidogo, limeinama upande wa kusini. Kwa nini liiname kwetu na lisiiname kwao? Kwa sababu ardhi kati yetu imepinda. Ukijua limeinama nyuzi ngapi, na ukijua umbali wa moja kwa moja kutoka kusini hadi kaskazini, ambao kwenye ramani ni kama kilomita sitini na moja, umekwisha kupata kipande cha duara. Duara zima lina nyuzi mia tatu na sitini. Kinachobaki ni kuzidisha na kugawanya.

Kivuli cha mti kina kingo zenye ukungu, hakipimiki vizuri. Ndiyo maana nikataka bati. Unatoboa tundu kwa msumari mwembamba, unalilaza bati mita mbili juu ya sakafu, na jua linapita kwenye tundu na kuchora chini kiduara cha mwanga, ukubwa wake kama kifungo cha koti. Hiyo ni picha ya jua lenyewe. Kisha unaning'iniza timazi ya fundi muashi, ule uzi wenye kipande cha chuma nchani, kutoka pembeni mwa tundu ili ujue chini yake hasa ni wapi. Umbali kati ya ncha ya timazi na katikati ya kiduara ndio kipimo chetu.

Nilihitaji vituo vitatu. Musoma tulikuwa mimi na wasichana wangu kwenye sakafu ya saruji tunapofanyia paredi. Butiama yupo dada yangu, muuguzi wa zahanati, ambaye alikubali kulifunga bati lake kwenye stendi ya kutundikia dripu. "Mgonjwa akija naichukua stendi yangu," aliniambia, "dunia itasubiri." Nikamwambia airefushe mpaka mita mbili kwa mpini wa jembe, akafanya hivyo huku akininung'unikia.

Bunda yupo mjomba wangu, fundi seremala. Ana karakana nyuma ya soko, na ndiye anayeadhini katika msikiti mdogo wa mtaa wao. Nilimpigia, nikamwamkia, nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Kwa hiyo mwalimu wetu," akasema, "umesoma miaka yote hiyo ili mje kuangalia jua kwenye kitundu."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi mimi ni profesa. Nililiangaliaga jua hata kabla hujazaliwa."

Niliichukulia kama utani wake wa kawaida, nikaendelea kumpa masharti.

Masharti yangu yalikuwa makali. Wote watatu tupime kwa wakati mmoja, saa sita mchana kamili kwa saa ya simu. Nilirudia neno kamili mpaka dada yangu akaniuliza kama namwona mtoto. Nikatuma ujumbe kwenye kikundi chetu cha simu: atakayechelewa hata dakika moja anaharibu kazi ya wote.

Siku tatu za mwanzo mawingu ya ziwani yalitukalia kichwani, hatukupata kitu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa siku moja tu kabla ya kikao cha bodi, kulikucha kweupe. Saa sita kasoro dakika tano wasichana saba walikuwa wamepiga magoti wakiuzunguka ule mwanga, kila mmoja na rula yake. Mimi nilishika simu. Saa sita kamili nikasema, "Pimeni."

Msichana wa Bukima aliweka rula, akasita. "Madam, kinatembea."

"Nini kinatembea?"

"Kiduara. Bado kinaenda kwenye timazi. Hakijafika."

"Andika," nikamwambia. "Saa sita ni saa sita."

Aliandika. Kiduara kilikuwa sentimita thelathini na moja na milimita saba kutoka kwenye timazi, nami nilishtuka, maana nilitegemea sentimita mbili hivi. Dada akatuma chake, thelathini na moja na sita. Mjomba akatuma chake, thelathini na moja na tano. Bunda, mahali ambapo kiduara kilipaswa kuwa karibu kabisa na timazi. Tofauti kati yetu na Bunda ilikuwa milimita mbili. Tulikaa chini ya kibaraza tukapiga hesabu mara tatu, na kila mara mzingo wa dunia ukatoka karibu kilomita laki nne. Msichana mmoja mcheshi akasema, "Madam, kwa uzi wa urefu huo si tungefika mwezini." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Nilifanya nilichozoea kufanya nikishindwa, nikatafuta wa kulaumu. Nilimpigia dada nikamwambia stendi yake imepinda. Akanijibu kwamba ana akina mama wajawazito kumi kwenye benchi na akakata simu. Nikampigia mjomba, na nina aibu kusema kwamba hata salamu niliiruka. Nilimuuliza kama alisogeza mbao zake.

"Mpwa wangu, uliniambia nipime saa sita, nikapima saa sita. Lakini mimi nilijua sio wakati wake."

"Sio wakati wake vipi?"

"Adhuhuri ilikuwa bado haijaingia. Jua lilikuwa bado linapanda. Hapa Bunda siku hizi linafikaga juu kwenye saa sita na nusu na kitu hivi. Mimi siadhini kwa saa ya simu. Nina msumari wangu uwanjani, naangalia kivuli mpaka kiache kupungua. Kikianza kurefuka upande wa pili, ndio naadhini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema atakayechelewa hata dakika moja anaharibu kazi."

Nilikaa pale na simu sikioni baada ya yeye kukata. Kisha nikaanza kucheka peke yangu, nikasimama, nikaanza kutembea kwenye kibaraza kama mtu aliyeumwa na siafu. Bila shaka. Saa tunayoitumia nchi nzima imepangwa kwa jua la mashariki, mbali hata kuipita pwani yetu, kule baharini. Sisi wa ziwani tuko magharibi. Saa ya simu ikisema mchana umefika nusu, jua letu bado liko njiani, na siku zile za Septemba linachelewa kwa zaidi ya nusu saa. Nimefundisha hilo. Nimelichora ubaoni, mistari ya longitudo yote, na maswali nimetunga. Lakini saa sita ya mchana tangu utotoni kwangu ilikuwa ni jua la utosini, basi, kama ugali ulivyo ugali. Hata mara moja sikuinua kichwa kuhakikisha. Watu watano walioniona siku ile nikiruka kwenye kibaraza hadi leo wananiuliza kama nilishinda bahati nasibu.

Nikawakusanya wasichana. Niliwaambia tulichokosea na kwamba kesho tutapima kwa kufuata jua lenyewe. Msichana wa Bukima alinitazama tu. Hakusema kwamba alinionya. Ningefurahi kama angesema, maana ule ukimya wake uliniuma zaidi.

Kikao cha bodi kilikuwa saa nane mchana kesho yake. Asubuhi kulikuwa na jua, lakini kufikia saa tano wingu kubwa lilijitokeza upande wa ziwa. Mwezi wa tatu jua lingepita tena juu yetu, lakini hapo wasichana wangu wangekuwa wanasoma mambo mengine. Niliwaambia wakae pale pale na rula zao. Saa sita na robo kiduara kilipotea kabisa. Sakafu ikawa kijivu.

Mkuu wa shule alitoka ofisini, akasimama nyuma yetu mikono mgongoni.

Nilikuwa na mjomba kwenye simu, nimeweka spika. "Kwako vipi?" nikauliza.

"Kwangu kweupe. Kimebakiza vidole vitatu kufika kwenye timazi."

Saa sita na dakika ishirini na tano. Na nane. Kisha mwanga ukarudi sakafuni, ukafifia, ukarudi tena, na kiduara kikajichora vizuri kama mtu alikiweka kwa mkono. Wasichana wote saba waliinama kwa pamoja mpaka vichwa vikagongana.

"Kinatembea," akasema msichana wa Bukima.

"Kiache kitembee," nikasema. "Weka alama kila nusu dakika. Usiniulize saa."

Aliweka nukta kwa penseli, moja baada ya nyingine. Nukta zilikuja karibu na timazi, zikaanza kupita kando yake upande wa kaskazini bila kuigusa. Kwenye simu nilimsikia mjomba akivuta pumzi. "Mpwa wangu," akasema taratibu, "kimeingia. Kipo kwenye ncha ya timazi. Timazi imekaa katikati yake." Dada yangu akaandika kwenye kikundi: sentimita moja, na mgonjwa anaisubiri stendi.

"Sasa kinaanza kwenda mbali," msichana wa Bukima akasema, bado amepiga magoti. Alipima nukta iliyokuwa karibu kuliko zote. Alipima tena. Akamwachia mwenzake apime, kisha mwingine. Sentimita moja na milimita tisa. Bunda sifuri, Butiama moja, Musoma karibu mbili. Ukiziweka hizo namba tatu kwenye mstari unaiona ardhi inavyopinda kutoka kwa mjomba kupitia kwa dada yangu mpaka miguuni petu. Niliiona. Miaka yote nilikuwa nimeiamini tu.

Hesabu ilitoka kilomita elfu arobaini na mia tatu na kitu. Kitabu kinasema elfu arobaini, na kidogo. Nilimkumbatia mtu wa karibu, na ilikuwa ni mkuu wa shule. Sote wawili tuliona aibu. Simu ilikuwa bado wazi, na kutoka ndani yake adhana ya adhuhuri ikaanza, sauti ya mjomba ikivuma kwenye spika ile ndogo. Hakuna aliyeizima mpaka ikaisha.

Mkuu alichukua daftari la msichana wa Bukima, akaligeuza kurasa, akalirudisha. "Njoo nalo kwenye kikao," akamwambia. "Wewe na Madam."

Wajumbe wa bodi walikuwa sita. Msichana alisimama mbele yao, daftari mkononi, akaeleza bati, tundu, timazi, miji mitatu. Alipofika kwenye siku ya kwanza alisema, "Jana tulikosea, tukapata laki nne."

Nilisimama. Sikupanga kusimama. "Hawakukosea wao," nikasema. "Nilikosea mimi. Huyu aliniambia kiduara bado kinatembea, nikamwambia aandike tu. Yeye aliona, mimi niliangalia saa." Mimi ni mtu ninayebishana hata na kondakta juu ya jina la kituo, na kukiri mbele ya watu sita na mwanafunzi wangu kulinitoa jasho.

Mjumbe mmoja, mama mkulima wa pamba wa upande wa Bunda, alikuwa amekunja mikono tangu mwanzo. "Binti yangu," akasema, "nimesikia. Sasa hiyo dunia mliyoipima inatibu nini?"

Msichana alilifunga daftari.

"Haitibu, mama," akajibu. "Lakini mdogo wangu anaumwaga damu. Tukienda hospitali wanamtoboa kidole, wanaweka tone kwenye kimashine. Niliwauliza kinafanyaje. Wakasema kinapitisha mwanga kwenye damu, kinapima umebaki kiasi gani, ndio wanajua damu imepungua. Hicho kimashine ni fizikia. Kuna mtu alikaa akapima, akakosea, akapima tena. Mimi nataka kuwa huyo mtu."

Yule mama alikunjua mikono. Tuliambiwa tutoke.

Msichana alikwenda uwanjani moja kwa moja, mimi nikabaki kwenye benchi nje ya ofisi. Sijui nilikaa muda gani. Nilitafuna kucha mbili, kitu nilichokuwa nimekiacha tangu chuoni. Mlango ulipofunguka, mkuu alinivuta kando, akaniambia kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kisha akaongeza kwamba nisimkumbatie tena.

Nilimkuta msichana kwenye sakafu ya saruji, peke yake. Wenzake walikuwa wamekwenda kunywa maji. Alikuwa amechuchumaa mbele ya zile nukta za penseli, daftari magotini. Aliniona nikija, akainama tena haraka. Nilielewa kwamba hataniuliza. Watoto waliozoea kukaa wodini hawaulizi, wanasubiri kusoma uso wa daktari.

"Madam," akasema, bila kunitazama, "kitabu kinasema elfu arobaini. Sisi tumepata na mia tatu zaidi. Hizo mia tatu tulizitoa wapi?"

"Sijui," nikasema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikunichoma. "Tutazitafuta kesho."

"Kesho?"

"Kesho. Kipindi cha tatu, fizikia. Waambie wenzako waje na rula."

Aliweka penseli chini. Akakaa pale pale kwenye saruji ya moto, akajifunika uso kwa daftari, na mabega yake yakaanza kutikisika.